Bibi Aliyekuwa Nassa

Jilala tulimzika Lamadi, nyuma ya nyumba ya dada yake aliyekuwa akimuuguza. Wanawake tuliketi uani tukimenya viazi na kukatakata kabichi kwa ajili ya wazikaji, na vijana wawili waliotumwa kubeba masufuria walikuwa wameinamia simu moja karibu nami. Nikasikia sauti yangu. Ilikuwa sauti ya msichana anayepiga kelele, nyembamba kama ya mbuzi aliyenaswa kwenye kamba, nami nikaweka kisu chini. "Hii ndiyo filamu ya marehemu," mwenye simu alimwambia mwenzake. "Muone huyo bibi alivyo na macho." Walipofika mahali ninaponyamaza, kijana akaisukuma mbele kwa kidole, akasema kutoka hapo hakuna kitu tena, ni kimya tu mpaka mwisho. Hakunitambua. Msichana wa kwenye simu alikuwa na kiuno, na mimi kiuno nilikiacha huko huko. Niliwaambia wabebe sufuria, watu wana njaa, kisha nikaendelea na kabichi, nikiikata mapande makubwa yasiyopikika, mpaka mwanamke wa pembeni akaninyang'anya kisu akidhani ni msiba unanilemea.

Bariadi wananijua kwa mgahawa wangu wa karibu na stendi, kwa supu ya makongoro na kwa mdomo. Kwamba niliwahi kuigiza, wanaojua ni wachache. Habari za wazazi na ukoo nitaziruka, maana hawakuhusika. Nataka kueleza mwaka mmoja tu, tangu pamba ya msimu mmoja ilipouzwa mpaka pamba iliyofuata ilipoanza kuchumwa, na jinsi filamu ya hofu ilivyomla mtu mzima aliyekuwa hai na mwenye kucheka. Kijiji sitakitaja, kwa sababu watu wake wanakula kwangu na wengine nawapenda. Hasira ninayo mpaka leo na itaonekana. Atakayechoka aende akanywe chai.

Jilala alikuwa mpiga picha za harusi. Alipanga chumba nyuma ya duka la vipuri, chumba kimoja chenye kitanda, meza ya kompyuta na harufu ya mafuta ya gia iliyopenya ukutani, na humo ndimo alimonieleza filamu yake huku tukila mihogo ya kuchemsha kwenye mfuko wa plastiki. Nilikuwa na miaka ishirini na kidogo, nilikuwa nimeigiza kwenye kwaya tamthilia ya Mwana Mpotevu, nikajiona tayari kwa lolote. "Kila mtu anatengeneza filamu ya mchawi," aliniambia. "Mimi nataka kutengeneza ambayo mchawi hayupo." Hadithi yenyewe ilikuwa hivi: msichana ameolewa, amefiwa na mtoto wake wa kwanza, na kila akijilaza anamwona mama mkwe akiingia chumbani na kumwinamia. Mume haoni kitu. Hofu inapanda, msichana anakuja kupiga kelele nyumba nzima inasikia, anapelekwa hospitali, na huko ndiko tunakogundua kwamba mama mkwe hakuwepo kabisa. Tangu wiki ya msiba alikuwa Nassa kwa binti yake. Yote yalikuwa kichwani mwa msichana, huzuni ya mtoto imemgeukia. Dakika kumi za mwisho hakuna anayesema neno. Msichana amekaa kitandani anautazama mlango, na mlangoni haingii mtu. Aliiita "Mlango wa Ndani". Nilisisimka mwili mzima.

Wa kucheza mama mkwe alimpata harusini. Mayu Mbuke, yaani Mama Mbuke kwa Kisukuma, alikuwa mjane, mrefu, akikaa peke yake katika nyumba ya matofali ya udongo nje kidogo ya Bariadi, na mwenzake wa karibu alikuwa jirani yake, Mzee Luhende, aliyemsaidia kwa ng'ombe wake wakati wa kulima. Wanawake wengine waliona kamera wakajifunika khanga. Yeye aliitazama kama mtu aliyemzoea mgeni, akaiuliza imeshakula. Macho yake yalikuwa mekundu. Ya wanawake wengi wa umri wake kwetu huwa hivyo, kwa sababu kuni ni adimu, watu wanapikia mabua ya pamba na samadi iliyokauka, na moshi wake unakaa machoni miaka na miaka. Kila mtu anajua ni moshi. Na kila mtu, ukimshika vizuri, atakwambia pia kitu kingine, kwamba macho mekundu ni ya mchawi. Jilala aliyapenda yale macho. Alisogeza taa mpaka yakang'aa.

Ile miezi ya baada ya mavuno tuliyopigia picha nyumbani kwake ndiyo siku nilizofurahi kuliko zote za ujana wangu, na ninaliandika hili nikijua linavyouma. Alikuwa akituwekea michembe, vile viazi vitamu vilivyokaushwa, iliyolowekwa na kupikwa na karanga, au ugali wa mtama na maziwa mgando kwenye kibuyu, na tulikula chumbani mle mle, sahani juu ya kitanda nilichopaswa kuogopa. Alikuwa mtani. Akiniinamia mbele ya kamera alikuwa wa kutisha kweli, ngozi yangu ikisimama, na Jilala akisema tu "kata", bibi ananifinya shavu na kuniita mwanangu kwa Kisukuma: "Ng'wanone, mkwe gani huyu, hata kupika mlenda hawezi." Ndiye aliyenifundisha kupiga kelele. Zangu za mwanzo zilikuwa za kwaya. "Unapiga kelele za mtu aliyeona nyoka," aliniambia. "Nyoka unamkimbia. Hizi ni za mtu anayejua kwamba hakuna pa kukimbilia." Alinionyesha mara moja, kwa sauti ya chini tu kwa ajili ya majirani, na Jilala akasahau kuwasha kamera. Hata Nassa ilikuwa ni yake. Binti yake Minza ameolewa kule kweli, na Jilala aliiweka kwenye hadithi ili bibi asipate taabu ya kukariri.

Filamu ilitolewa kwenye kibanda cha video karibu na soko. Wasomaji vijana huenda hawajui vibanda vile. Mabenchi ya mbao, madirisha yamezibwa kwa maboksi, televisheni moja mbele, na pembeni yake mtafsiri mwenye kipaza sauti. Wa kwetu alikuwa Shija, naye filamu yoyote, ya Kichina au ya Kihindi, aliieleza kwa Kisukuma tangu mwanzo mpaka mwisho, akiongeza chumvi inapopungua. Watu walikuwa wakienda kumsikiliza Shija kuliko kutazama. Mayu Mbuke alipotokea mlangoni kwa mara ya kwanza, Shija alisema kwa sauti ya taratibu, "Huyo sasa. Huyo ndiye aliyemla mtoto." Kibanda kizima kikaguna. Tangu hapo hakumwacha. Kila bibi alipoinama, Shija aliwaambia anachofanya, anachonuiza, amewala wangapi kabla. Nami nilipokwisha kupiga kelele na picha ikaingia hospitali, Shija akatangaza, "Imeisha hiyo, anayetoka atoke," akatoa diski, akaweka ya mapigano. Watu walitoka wakitweta na kusifu. Jilala alikuwa benchi la nyuma. Nilimwona akiinua mkono kama mwanafunzi anayetaka kuuliza, halafu akaushusha.

Tulimfuata Shija. Alitusikiliza kwa heshima zote huku akitafuna muwa. "Jilala ndugu yangu," alisema, "watu wangu wakikaa kimya dakika tano wanadhani umeme umekatika. Wanaanza kudai viingilio. Hiyo sehemu ya mwisho ni nzuri, lakini haina kitu cha kusema." Nilimtukana. Jilala alinivuta mkono, akasema tusubiri, filamu njema hujitetea yenyewe. Nimeishi muda wa kutosha sasa kujua kwamba filamu haijitetei. Inakwenda ilikobebwa, kama mzigo wowote.

Mapokezi yangu mimi yalikuwa nyanya. Sokoni mama mmoja aliniwekea nyanya za nyongeza, akanishika kichwa, akaniuliza kama nimepona. Mwingine alinipa jina la mhubiri. Nilicheka, nikamweleza ni maigizo, naye akakubali kabisa kwamba ni maigizo, kisha akanisihi nisilale tena katika nyumba ile. Wiki nzima nilikula mboga za bure na kujiona nyota. Halafu nikaenda mashine ya kusaga, na kwenye foleni, nikiwa nimejifunika khanga kwa vumbi la unga, nikawasikia wanawake wawili. "Yule wa kwenye video ndiye yule yule mama jirani wa Luhende." "Si wanasema ni maigizo?" "Maigizo, ndiyo. Lakini mtu hapewi kazi asiyoiweza. Mbona hawakuniita mimi?" Wa pili akasema kweli, lisemwalo lipo. Nilibeba debe langu likiwa bado halijasagwa, nikaenda moja kwa moja kwa Mayu Mbuke.

Nilimkuta amepika. Alikuwa amepika kwa ajili ya watu, maana ilikuwa zamu ya shamba lake. Kwetu palizi ya pamba watu huifanya kwa kikundi: leo kwako, kesho kwangu, mwenye shamba anapika, na jembe linakwenda kwa nyimbo. Wale wa kikundi chake yeye alikuwa amewapalilia wote. Sufuria mbili za ugali zilikuwa zimefunikwa, mlenda, dagaa, togwa ndani ya ndoo. Nyimbo tulizisikia kutoka shamba la pili. Walikuwa wamelipita la kwake, wameanza la mbele. "Labda wamekosea siku," alisema, akanipakulia. Tulikula sisi wawili chakula cha watu ishirini, yaani tulimega pembeni na kikabaki. Hakunitania hata mara moja. Nilipoondoka alinifuata mpaka njiani na kuniuliza, kwa namna ya mtu anayeuliza bei, kama hiyo filamu imetoka vizuri, kwa sababu yeye hajaiona.

Baada ya hapo yakaja yote kwa mfululizo. Hakuna aliyekuja kuomba chumvi kwake. Watoto walikatazwa kupita uani mwake. Kanisani benchi lake lilikuwa na nafasi pande zote mbili. Ndama wa mtu akafa, na ndama hufa kila mwaka, ila safari hii alikuwa na sababu. Sisi wa Simiyu tunajua njia hiyo inakokwenda, hatuhitaji kusimuliwa. Kila mmoja ana bibi wa mtu anayemkumbuka. Jilala alikonda. Nilimkuta chumbani mwake amekaa sakafuni, diski zimemzunguka, akisema neno moja tu kwa namna nyingi: hawajauona mwisho. Wakiuona mwisho, wote wataelewa. Alilishikilia kama mtu wa mafuriko anavyoshikilia mti, nami nikalishikilia pamoja naye, kwani lingine la kushika lilikuwa wapi?

Kwa hiyo tukaenda kuwaonyesha mwisho. Ghala la pamba la kijiji huwa tupu kabla ya mavuno. Tuliazima projekta ya kanisani na jenereta, tukaziba madirisha kwa magunia, tukatundika shuka, na Jumapili baada ya ibada watu wakaja, wengi kuliko tulivyotegemea. Shija hatukumwita. Jilala alisimama mwenyewe kando ya shuka na kueleza kwa Kisukuma safi, polepole, bila chumvi. Mayu Mbuke alikaa mbele juu ya gunia. Nilikuwa pembeni yake. Alipojiona ameinama juu ya kitanda changu, macho yake mekundu yakiwa makubwa kama magurudumu ya mkokoteni, alijiziba mdomo kwa khanga na hakuuondoa mkono tena. Hakuna aliyetoka. Hospitali ilifika, na katika giza lile Jilala aliwaambia, "Sasa tazameni. Daktari anamwambia mama mkwe hakuwepo. Alikuwa Nassa tangu msibani. Hakuingia chumbani hata siku moja." Dakika kumi nzima watu walitazama mlango usioingiwa na mtu, na hakuna aliyekohoa. Nilifikiri tumeshinda. Nililia kwa furaha, nashangaa kulikumbuka hilo.

Magunia yaliposhushwa madirishani Mzee Luhende alisimama. Nimesema alikuwa jirani mwema, na siku ile pia alizungumza kama jirani mwema, kofia mkononi. "Vijana, tunawashukuru," alisema. "Sisi tulikuwa tunasema tu, hatuna uhakika. Kitu kilichokuwa kinatushinda ni kimoja. Huyu mama tunamwona yuko kwake, mlango umefungwa, amelala. Tukawa tunajiuliza, sasa anatokaje? Leo mmetuonyesha. Mwili unabaki Nassa, mwenyewe anakuja." Ghala lote likaitikia kwa kuguna, taratibu, kama watu waliofafanuliwa andiko gumu. Jilala alipauka. "Hapana, mzee. Hakuna aliyekuja. Ni kichwa cha msichana kimeharibika." "Ndiyo," Luhende alijibu. "Na nani alikiharibu?" "Ni huzuni, mzee. Mtoto wake alikufa." "Na mtoto aliliwa na nani?"

Nimelirudia swali hilo jikoni kwangu miaka hii yote, nikitoa povu la supu, nikitafuta jibu ambalo Jilala angelitoa. Sijalipata. Hawakuwa wajinga wale watu, na hili ndilo linalonikatisha tamaa kuliko ujinga. Waliitazama filamu kwa makini kuliko watazamaji wowote niliowahi kuwaona. Walielewa kila kitu. Kila tulichokiweka kama ushahidi wa kumtoa, kiliingia kwenye hesabu yao na kumfunga zaidi, na kama tungekuwa na dakika kumi nyingine wangezitumia nazo. Jilala alianza kukunja shuka. Mayu Mbuke aliinuka, akakung'uta nyuzi za pamba kwenye sketi, akapita katikati ya watu, nao wakampisha njia pana.

Jioni ile Luhende alimfuata kwake akamwambia aondoke kabla vijana hawajaja na mapanga, kwa kuwa yeye hana uwezo wa kuwazuia. Ninaamini alikuwa anamwokoa. Asubuhi pikipiki ilimpeleka Nassa na kifurushi na kuku wawili, na mchana watu wakasema: mnaona, amekwenda kule kule. Pamba yake ilimezwa na magugu. Jilala hakutengeneza filamu nyingine. Aliuza kamera kubwa, akabaki anapiga picha za pasipoti, watu wamekaa wima mbele ya kitambaa cha bluu wakitazama mbele, hadithi hakuna. Nilipompitia kumsalimia tulizungumza habari za mvua.

Pamba ilipoanza kuchumwa nilikwenda Nassa. Ilikuwa saa saba mchana, jua kali, na Minza, yule binti, alikuwa anaanika dagaa juu ya neti. Alinipokea vizuri, akanipa maji, akaniambia mama yuko ndani, anapenda kulala mchana kwa sababu usiku halali. Mayu Mbuke alikuwa ameketi kwenye mkeka katika chumba kidogo chenye dirisha la mbao lililofungwa. Alikuwa amepungua. Nilimsalimia Kisukuma, mwadila, naye akaitikia, akanishika mkono akaupapasa muda mrefu. Nilimletea michembe. Aliiweka pembeni.

"Kabula," alisema, "wewe ndiye uliyekuwa kitandani. Nataka uniambie wewe, si mwingine. Ulikuwa unaniona kweli?"

"Tulikuwa tunaigiza, mayu. Ulikuwa unanifinya shavu. Ulikuwa unanicheka mlenda wangu."

"Hayo nayakumbuka. Na kuinama nakumbuka, na mlangoni nakumbuka. Ile ya dirishani siikumbuki. Ninapita dirishani, sitazami ndani, ninapita tu. Ile sikuifanya, na nilijiona."

Nilimweleza. Jilala aliipiga bila kumwambia, siku moja alipokuwa anakwenda kuchukua mabua ya kupikia, kwa sababu alitaka mwendo wake wa kawaida. Nilimwapia kwa mama yangu. Alinisikiliza mpaka mwisho, kichwa kimeinama upande mmoja kama alivyokuwa akimsikiliza Jilala akimweleza pa kusimama.

"Unanipoza," alisema. "Una moyo mzuri. Lakini wengine wamesikia tu maneno, ng'wanone. Mimi nimejiona kwa macho yangu. Nilikuwa huku Nassa, na nilikuwa pale. Sasa watoto wa Minza wanalala chumba cha pili. Kama ninakwenda, ninakwenda bila kujua."

Nililia na kumbishia. Nilimwambia ni moshi, ni taa, ni Shija, ni wajinga, nilisema kila kitu, na maneno yangu yote niliyasikia yakianguka mahali pale pale yalipoangukia ya Jilala ghalani. Alingoja nimalize. Kisha akajilaza kwenye mkeka, akajifunika, akaniambia kufuli liko msumarini, nje, nimfungie, maana Minza ana kazi za dagaa na yeye usingizi umemjia. Nilitoka. Minza alikuwa amesimama na mikono yenye magamba. Aliniambia kwa sauti ya chini kwamba asipofungiwa hulia mpaka anatapika, na akifungiwa hulala.

Nilifunga. Ufunguo ulizunguka kwa urahisi, ulikuwa umepakwa mafuta.

"Vuta uone kama limeshika," alisema kutoka ndani.

Nikavuta. Lilikuwa limeshika.

"Wabeja, ng'wanone," alinishukuru, na baada ya muda kidogo nikamsikia akikoroma.